Namna ya Kuchora Nembo Lubumbashi Bila Kuchora Dunia

Kazi imeshatolewa. Mwalimu ameandika ubaoni: buni chapa ya biashara ndogo ya hapa mjini, pamoja na tovuti yake, muda mwezi mmoja. Wenzako wamekwisha kufungua Photoshop, na ukichungulia skrini zao utaona mambo yalivyo: tufe la dunia la buluu, mkia wa moto unaolizunguka, na chini yake jina la kampuni kwa herufi za dhahabu zenye kivuli. Kampuni yenyewe inauza magunia ya makaa Katuba. Haijawahi kupeleka gunia hata Likasi. Wewe funga kompyuta, tia daftari mfukoni, toka nje.

Tembea kwa miguu. Anzia katikati ya mji, shuka Kamalondo, ingia mtaa wa Kenya, na usipite ukuta wowote uliochorwa bila kusimama. Hapa kinyozi ana vichwa vya vijana walionyolewa vizuri, pale fundi wa matairi ameandika neno moja tu chini ya tairi la kweli lililotundikwa, mbele duka la dawa lina msalaba wa kijani. Waliochora hawakusoma somo la chapa. Walikuwa na brashi, makopo mawili ya rangi na mteja aliyesimama nyuma yao akipiga hesabu ya gharama. Na bado jina linasomeka ukiwa ndani ya taxi-bus iendayo mbio, mtu amekulalia begani. Hicho ndicho kipimo cha somo hili zima. Nembo yako isiposomeka hivyo, hata ipewe alama gani darasani, haijafika.

Ukimkuta mchoraji kazini mwite fundi, mwombe ruhusa, mwangalie mkono. Muulize kwa nini sehemu ya chini ya ukuta ameipaka rangi nzito. Atakuonyesha ardhi. Kiangazi chetu kinaanza Mei, na ikifika Agosti kila kibao cheupe kilichowekwa chini kimeshakuwa chekundu kwa vumbi. Jambo hilo halimo katika kitabu chochote cha rangi ulichoazimwa.

Ukichoka kutembea, pumzika na historia, maana mji huu ulikuwa na shule ya picha kabla ya kompyuta kufika. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wanakili. Aliwaacha watafute mkono wao wenyewe. Pilipili Mulongoy akajaza ndege, samaki na nyoka katikati ya majani yaliyopangwa kwa subira. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolazwa sambamba. Bela akaacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Weka kazi zao tatu bega kwa bega, funika sahihi, na mtu aliyewahi kuonyeshwa mara moja atakuambia ipi ni ya nani. Mkono unaotambulika kabla jina halijasomwa: huko ndiko kazi yako inakotakiwa kufika, na nembo ni kipande kimoja tu cha safari hiyo.

Kisha tafuta picha za Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Kati ya 1973 na 1974 aliichora hapa Lubumbashi historia ya nchi nzima, picha zipatazo 100, kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na akazieleza kwa Kiswahili chetu. Tazama alivyoandika ndani ya picha: herufi kubwa, maneno machache, mahali hasa jicho linapotua. Wachoraji wa kizazi chake walitumia turubai la gunia la unga na kuwauzia watu waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Mnunuzi asipoielewa picha akiwa bado mlangoni, hatoi pesa. Hiyo ni shule ngumu kuliko ya kwako, na walifaulu. Na kama mwaka wako umeangukia Biennale ya Lubumbashi, ambayo kituo cha sanaa cha Picha kimekuwa kikiiandaa tangu 2008, usikose.

Sasa tuje kwa simba. Mteja wako atataka simba. Ukimnyima simba ataomba chui, ukimnyima chui ataomba tai. Mweleze kwa upole kwamba katika mji huu wanyama wakubwa wote wana ajira. Simba yuko kwenye chupa ya bia ya Simba na amekaa hapo miaka mingi. Tembo naye ana bia yake ya rangi ya kahawia. Mamba ameajiriwa na TP Mazembe, ameng'ata mpira, na hakuna atakayemwona mamba kwenye kibao cha duka la simenti bila kufikiri kwamba mwenye duka ni mwanachama wa klabu.

Na hapo ndipo penye somo tamu kuliko yote. Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939 ikiitwa Saint-Georges. Baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na kwa jina hilo la matairi ikatwaa kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968. Kisha ikaja Mazembe, na makombe mengine 2009, 2010 na 2015. Majina yamekuja na kwenda, watu wamebaki. Mwezi Desemba 2010, Abu Dhabi, ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kitu ambacho dunia ilikikumbuka hakikuwa hata nembo. Ni kipa Robert Kidiaba akiruka-ruka kwa makalio juu ya nyasi. Hakuna mbunifu aliyelipwa kubuni jambo hilo, na watoto wa mabara mengine wakaliiga. Mteja wako naye ana jambo lake la namna hiyo, dogo, la kila siku, ambalo wateja humwigiza wakiwa kwao. Litafute hilo kabla ya kutafuta simba.

Angalia na rangi. Nyeusi na nyeupe zikikaa pamoja ni Kunguru, yaani Mazembe. Njano na buluu zikikaa pamoja ni Lupopo, timu ya watu wa reli. Kinyozi anayepaka ukuta wake nyeusi na nyeupe amekwisha kuchagua nani akae kwenye kiti chake siku baada ya mechi ya watani. Kama ndivyo anavyotaka, sawa, ni mtu mzima. Lakini aambiwe.

Liko jambo zito zaidi, na hapa naomba usome polepole. Utajaribiwa kutumia msalaba wa shaba, na nakuelewa. Watu wa Katanga walisubu misalaba hiyo karne nyingi kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzishwa 1906, wakaitumia kama fedha, wakatolea mahari. Ni umbo kamili: mikono minne, rangi moja, linasomeka likiwa kubwa kama mlango au dogo kama kucha. Mbunifu yeyote angelitamani. Lakini misalaba mitatu ya namna hiyo ilikuwa kwenye bendera ya Dola la Katanga, lililojitangaza Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, pamoja na nyekundu, nyeupe na kijani. Na ilikuwa kwenye sarafu za dola hilo za 1961, ubavu wa pili ukiwa na ndizi. Machi 2013 wapiganaji waliingia mjini na bendera hiyo, na watu wakafa. Kwa hiyo msalaba peke yake, kwa rangi ya shaba, ni urithi wa kila mtu hapa. Msalaba ukikutana na rangi zile tatu ni tamko la siasa, na mama anayepika bukari sokoni hakukutuma utoe tamko kwa niaba yake. Kabla ya kufunga uamuzi wa rangi, mwonyeshe mtu aliyezidi miaka sitini, kisha mtazame uso kabla hajafungua mdomo.

Tuseme basi mteja wako ni huyo mama wa bukari, karibu na soko la Kenya. Usimwendee saa sita mchana wakati foleni imefika barabarani. Nenda saa tisa, nunua sahani, kula, kisha salimia vizuri: "Jambo yenu, mama." Usimuulize anapenda rangi gani. Muulize nani anakula hapa, saa ngapi, wanakaa muda gani, wanaagiza nini kwanza, na wakiwa mbali wanapaitaje. Yeye atakwenda moja kwa moja kwenye hoja yake:

"Mwana, utie nyama, utie na samaki, utie na numero yangu. Batu bajue."

Wanafunzi wengi hapa huanza kumfundisha mama mambo ya nafasi tupu na urahisi wa umbo. Nyamaza. Kuhusu numero ana haki kabisa, na kuhusu nyama amekuambia kitu unachopaswa kukijua: wateja wake huja wakiwa na njaa, wanaamua haraka. Chukua vyote viwili, halafu fanya kazi yako, ambayo ni kuchagua kipi kikae mbele. Pengine mkahawa umeandikishwa kwa jina refu la shukrani kwa Mungu lenye maneno sita, lakini mafundi wote wa jirani wanapaita "ku mwembe" kwa sababu ya ule mwembe wa pembeni. Basi chapa imekwisha kubuniwa na wateja, bure. Jina refu libaki kwenye karatasi za ofisi, mwembe upande juu ya kibao.

Ukishachora, ipeleke nembo kwenye mateso. Kwanza muhuri. Nchi yetu inakwenda kwa muhuri: risiti, barua, fakitire, kila kitu kinagongwa. Fundi wa mihuri akuchongee nembo yako kwa ukubwa wa kifuniko cha chupa, gonga, tazama. Lile tufe la dunia lenye mkia wa moto likifika hapa linageuka doa, na mwenzako atakuwa amelijua hilo siku ya mwisho. Pili, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Tatu, mpe fundi wa kuta aichore kwa brashi juu ya bati bila rula. Nne, duara dogo la picha ya WhatsApp, kwani huko ndiko wateja wengi watakakoiona mara ya kwanza. Iliyovuka yote manne ni nembo. Nyingine ni pambo, na pambo lina mahali pake, lakini si hapa.

Kuhusu herufi, neno moja tu la muhimu: kabla ya kuipenda fonti, andika nayo "Dépôt" na "Pâtisserie". Fonti nyingi za bure zenye madoido hazina é wala â, na kompyuta itachomeka herufi ya ukoo mwingine katikati ya neno. Kibao cha namna hiyo kikishachapishwa hakifutiki, na kitabaki juu ya barabara kikikutazama kila asubuhi.

Kwenye duka la uchapaji, fika na PDF ambayo maandishi yake umeyageuza kuwa michoro, kwa kuwa kompyuta ya pale haina fonti yako na haitakuambia. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapa bashi nzima. Kijani kile cha kung'aa kwenye skrini kinatokana na mwanga; wino hauna mwanga, nao utakupa kijani cha majani yaliyolala. Chagua rangi zako kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, ukiwa nje juani. Kama huna pesa ya programu za kulipia, Inkscape ni ya bure, inachora vekta, na hakuna jaji atakayeweza kutofautisha.

Umeme utakatika. Hifadhi kila unapoinua kichwa, weka nakala kwenye flashi, nyingine kwa rafiki anayekaa mtaa mwingine, kwa sababu mitaa haizimwi yote kwa pamoja. Usiiite faili "mwisho". Iite kwa tarehe.

Tovuti sasa. Anza kwa kumfikiria atakayeifungua: amesimama, jua linapiga skrini, amenunua mega za siku moja. Kila picha unayoweka inalipiwa na yeye. Naona hili ndilo jambo la heshima kuliko yote katika kazi yetu, na linasahaulika kwa sababu wanafunzi hujaribu tovuti zao kwenye kompyuta ileile waliyozitengenezea, ambapo hakuna kinachosafiri hewani. Picha iliyotoka kwenye simu ina megabaiti kadhaa. Ipunguze iwe kilobaiti mia moja au chini, na bado nyama itaonekana nyama. Jipe kikomo cha nusu megabaiti kwa ukurasa mzima na ukitetee kikomo hicho hata mbele ya mwalimu. Azima simu iliyo duni kuliko zote nyumbani kwenu, tembea nayo hadi mahali ambapo mtandao unasuasua, fungua, hesabu. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliuweka hewani kule CERN, ulikuwa maneno na viungo tu, na ulitosha kuianzisha dunia hii yote.

Ondoa zile picha tatu zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa, zenye mabwana wa suti wanaopeana mikono ndani ya jumba la vioo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula kwa mama. Piga picha ya sufuria yake, ya mkono wake ukigeuza bukari, ya sombe ikitoa moshi, asubuhi mwanga ukiwa bado laini. Na usiache popote yale maneno ya kujazia ya Kilatini, yaliyochanwa kutoka kitabu cha Cicero cha mwaka 45 KK. Mwalimu atajua ni ya muda. Mama atadhani umemwandikia misa ya zamani, na atakuwa na sababu ya kuuliza.

Andika vitu vya kweli: leo kuna nini, sahani bei gani kwa faranga na kwa dola, mnafungua saa ngapi, Jumapili ikoje. Njia ya kufika iandike tunavyoelekezana sisi wenyewe, ukitoka sokoni, kona ya ngapi, mwembe uko upande gani, kwa sababu ramani itamtupa mgeni barabara ya nyuma. Kitufe cha kupiga simu kiwe kikubwa kumtosha mtu mwenye mafuta vidoleni. Cha WhatsApp kijengwe kwa kiungo cha wa.me na namba inayoanza na 243, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kama anapokea M-Pesa au Airtel Money, yataje kwa maandishi. Nembo zao zina wenyewe na masharti yake. Chini kabisa weka namba ya RCCM, Id. Nat. na ya kodi, kama anazo. Kama hana, acha pakiwa patupu. Usibuni namba ili ukurasa upendeze.

Lugha gani? Kifaransa kwa karatasi na kwa kampuni zitakazoagiza chakula cha mkutano. Kwa wengine wote Kiswahili, na kiwe cha Lubumbashi. Kitufe kikisema "Tuma komande", hakuna mtu Kamalondo atakayesita. Kikisema "Wasilisha agizo lako", watu watadhani wamefungua redio ya nchi jirani.

Jina la tovuti liishie na .cd. Wale waliojenga tovuti nchi ilipokuwa Zaire walitumia .zr, nchi ikabadili jina Mei 1997, .cd ikaja, na .zr ikaondolewa kabisa miaka michache baadaye. Sikuambii hivyo ili uogope. Nakuambia ili mama awe na anwani iliyochapwa pia kwenye kadi, kwenye muhuri na ukutani, na si hewani peke yake.

Siku ya kutetea kazi, majaji watakuuliza kwa nini kijani hiki na kwa nini herufi hizi. Usijibu kwamba unaona inapendeza. Toa picha za kuta ulizozipiga, eleza vumbi la Agosti, eleza mwembe, kisha toa muhuri mfukoni, ugonge kwenye karatasi zao za alama kama watakuruhusu. Mwambie yeyote anayeuliza mbona ni rahisi hivyo kwamba afungue tovuti hapo hapo kwenye simu yake, kwa mega zake.

Halafu, alama ukishapewa, rudi kwa mama, maana kazi ya shule haijawa chapa mpaka itundikwe. Mkabidhi flashi yenye PDF, SVG na PNG, na muhuri. Fundi wa kuta mwandikie jina la rangi kama lilivyo kwenye kopo, kwani zile tarakimu za skrini hazimsaidii dukani. Tovuti iandikishwe kwa jina la mama, wala si kwa lako. Nenosiri aliandike mwenyewe kwa mkono wake. Na tarehe ya kulipia jina la tovuti kila mwaka msiiweke kwenye kompyuta yoyote: iandikeni kwa wino mwekundu kwenye daftari lake la wanaokula kwa mkopo, ambalo analifungua kila siku.